Oksijeni haiui mugonjwa, kuchelewa njo kunaua

"Wakikuwekea oksijeni, umekwisha." Kila mutu anayeishi huku Nyakabere, Sange, Kiliba ao Uvira mujini amekwisha kusikia maneno hayo. Yanasemwa kwenye kilio, kwenye bomba la maji, juu ya moto wakati mugonjwa anapelekwa hospitali. Na mara nyingi yanasemwa mbele ya mugonjwa mwenyewe, wakati munganga anashika ule mupira wa kuweka puani.

Mimi pia niliwahi kuyasema. Katika mwaka 2021 mama mukubwa wangu alishikwa na kikohozi na homa. Siku ya kwanza tukamupa chai ya tangawizi. Siku ya pili tukanunua vidonge kwenye duka la dawa la kartiye. Siku ya tatu alikuwa anaongea maneno mawili, anapumua kwanza, kisha anaongea mengine mawili. Tulipofika hospitali, wanganga walitaka kumuwekea oksijeni palepale. Jamaa ikakataa mpaka kaka mukubwa afike kutoka shamba. Kaka akafika mangaribi, akakubali. Asubuhi mama mukubwa hakuwako tena.

Kwenye kilio sisi wote tulisema: ile mashini njo ilimumaliza. Ilinichukua muda mrefu kurudilia hesabu ya zile siku na kuona kwamba mashini ilikuwa naye usiku mumoja tu. Sisi tulikuwa naye siku tatu.

Ndiyo maana leo tunaandika juu ya pumzi na damu. Hatutaki kufundisha mutu kazi ya docta. Tunataka kueleza kwa nini mugonjwa wa kifua, mutoto wa malaria na mutu wa kolera wanaweza kufa kwa sababu moja inayofanana, kwa nini kila mumoja anaomba musaada tofauti, na wapi muda unapotea katika jimbo letu la Kivu ya Kusini.

Maneno haya yametoka wapi?

Wanaosema oksijeni inaua si wajinga. Wameona kitu cha kweli: watu wengi waliowekewa oksijeni wamekufa. Lakini wameelewa vibaya chanzo chake.

Tukumbuke kipindi cha Covid-19. Mugonjwa wa kwanza katika inchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Mipaka ikafungwa, pamoja na ule wa Burundi ambao watu wengi wa Uvira walizoea kuuvuka ili kutafuta matibabu Bujumbura. Mashini za oksijeni zilikuwa kidogo. Kitu kikiwa kidogo, kinawekwa kwa yule aliye mubaya kuliko wote. Kwa hiyo aliyewekewa oksijeni alikuwa tayari amefika mwisho, na wengine walifika mwisho kwa sababu walikataa kuwekewa mapema. Ni kama mutu anayeona padri akiingia katika kila nyumba ya mugonjwa mahututi, kisha anasema padri njo analeta kifo.

Mahali pengine watu waliona upande wa pili wa jambo hilo. India, katika Aprili na Mei 2021, oksijeni iliisha katika hospitali nyingi. Familia zilizunguka mujini usiku na muchana zikitafuta bombone moja, na wagonjwa walikufa mbele ya milango ya hospitali. Pale dunia nzima ilielewa kwamba ile hewa tunayoiona kama kitu cha bure, ikikosekana, hakuna kidonge kinachoweza kuchukua nafasi yake.

Na oksijeni yenyewe si kitu kigeni. Hewa tunayovuta kila siku, katika sehemu 100, karibu 21 ni oksijeni. Ile mashini inayowekwa kando ya kitanda inavuta hewa hiyo hiyo ya chumba, inachuja na kutoa nitrojeni, inabakiza hewa yenye oksijeni zaidi ya sehemu 90 katika 100. Haiongezi sumu, haiongezi dawa ya kulaza.

Tuseme ukweli wote: oksijeni ni dawa, na dawa ina kipimo. Mutoto aliyezaliwa kabla ya wakati akipewa nyingi kupita kiasi, macho yake yanaweza kuharibika. Mutu mwenye ugonjwa wa mapafu wa miaka mingi anapewa kwa uangalifu. Na haipashwe kukaribiana na moto, mishumaa wala sigara. Ndiyo sababu inatolewa na munganga anayepima. Lakini mutu anayekosa pumzi, hatari yake kubwa ni kukosa oksijeni, si kuipata.

Bandari, makamio na barabara

Ili tuelewane, tuchukue mufano wa hapa kwetu. Watu wote wanajua bandari ya Kalundu. Bidhaa zinafika kwa maji kutoka Kigoma ao Kalemie, zinashushwa bandarini, zinapakiwa kwenye makamio, makamio yanapita barabara mpaka sokoni. Mutu wa soko anakula kama tu mambo yote yanafanya kazi pamoja.

Mwili uko vilevile. Mapafu ni bandari: pale oksijeni inashuka. Chembe nyekundu za damu ni makamio: zinabeba oksijeni. Maji ya damu na mishipa ni barabara, na moyo njo injini inayosukuma kila kitu. Soko ni ubongo, figo, misuli, na moyo wenyewe pia. Ubongo ukikosa oksijeni kabisa, unaanza kuharibika ndani ya dakika chache tu.

Sasa mambo yanaweza kuharibika kwa namna tatu.

Ya kwanza, bandari imefungwa. Huyo ni mugonjwa wa nimonia, wa asma, wa Covid, ao aliyevuta moshi mwingi. Oksijeni iko nje lakini haiwezi kuingia.

Ya pili, makamio yamekwisha. Huyo ni mutoto ambaye malaria imekula damu yake, ao mama aliyetoka damu nyingi wakati wa kuzaa. Bandari iko wazi, lakini hakuna wa kubeba.

Ya tatu, barabara imekauka ao injini imechoka. Huyo ni mutu wa kolera aliyepoteza maji yote, ao muzee mwenye moyo zaifu, miguu imevimba na hawezi kulala bila kuinuliwa na mito miwili ao mitatu.

Wote watatu wanaweza kupumua haraka haraka. Wote watatu wanaweza kuwa na mikono ya baridi. Lakini wa kwanza anahitaji oksijeni, wa pili anahitaji damu, wa tatu anahitaji maji, isipokuwa ule wa moyo zaifu, ambaye maji mengi yanaweza kumuzamisha. Shida yetu kubwa ni kwamba huku nyumbani tunawaona wote kuwa ni wamoja, na tunaomba dawa moja kwa wote.

Nyumbani: kuhesabu pumzi si kazi ya docta peke yake

Nimonia iko kati ya magonjwa yanayoua watoto wengi kuliko yote duniani. OMS, shirika la afya duniani, lilihesabu kwamba katika 2019 iliua watoto zaidi ya 740,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Hiyo ni kama mutoto mumoja katika kila saba wanaokufa kabla ya kufikia miaka mitano. Wengi wao walianza na kikohozi ambacho mama aliona ni cha kawaida.

Alama ya kwanza si homa, ni hesabu ya pumzi. Mutoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, muinulie nguo, uangalie kifua ao tumbo, uhesabu kwa dakika moja nzima kwa saa ao kwa telefone. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Inakuwa ya haraka kupita kiasi kama:

- mutoto chini ya miezi miwili anapumua mara 60 ao zaidi;
- mutoto wa miezi miwili mpaka miezi 11 anapumua mara 50 ao zaidi;
- mutoto wa mwaka mumoja mpaka miaka mitano anapumua mara 40 ao zaidi.

Zile namba njo zinafundishwa kwa wanganga wa vituo vya afya na kwa wale reko wanaozunguka vijijini. Hakuna sababu mama asizijue pia.

Kuko alama nyingine ambazo hazingoji hata kuhesabu. Kifua kinaingia ndani chini ya mbavu kila mara anapovuta pumzi. Pua inafunguka kwa nguvu. Mutoto anagumia kila anapotoa pumzi. Midomo ao ulimi unageuka rangi kama ya majivu ao bluu. Hawezi kunyonya wala kunywa. Anatapika kila kitu. Ameshikwa na degedege. Amelegea, ukimwita haamuki vizuri. Moja tu ya hizo inatosha: unaenda sasa, si kesho asubuhi.

Kwa mutu mukubwa, musikilize anavyoongea. Akishindwa kumaliza sentensi moja bila kusimama kuvuta pumzi, hiyo ni hatari. Akianza kuchanganyikiwa ao kusinzia muchana, usiseme amepumzika. Pengine ubongo unakosa oksijeni.

Damu inayozunguka pia ina alama yake. Bana ukucha wa mugonjwa mpaka ugeuke mweupe, kisha uachilie. Rangi inapashwa kurudi haraka. Ukihesabu zaidi ya sekunde tatu, na mikono na miguu iko baridi, na mupigo wa damu kwenye kifundo cha mukono unakimbia na hausikiki vizuri, damu haifiki mbali.

Wakati munangoja njia, mugonjwa wa kifua akae nusu wima, asilazwe chali. Mufungulie nguo za shingoni. Mutoeni katika jiko lenye moshi wa mukaa ao kuni. Usimulazimishe kula ao kunywa wakati anapigania pumzi, maana chakula kinaweza kuingia mapafuni. Akiwa amepoteza fahamu lakini anapumua, mulaze upande. Na juu ya pikipiki, asifungwe mugongoni kama muzigo: akae katikati ya dereva na mutu wa kumushika, kichwa kisianguke mbele, maana shingo ikikunjika, njia ya hewa inafungwa.

Seromu si maji ya baraka

Sasa tuingie kwenye jambo linaloleta mabishano kila siku katika vituo vyetu. Mugonjwa akifika, jamaa inasema: "Munganga, mumutundikie seromu." Asipotundikiwa, watu wanasema hakutibiwa. Kuko hata wanaotundikiwa nyumbani na watu wasiosoma kazi hiyo.

Kwa kolera, seromu inafufua mutu kweli. Sisi wa Uvira tunajua, maana ugonjwa huo umekaa katika muji wetu miaka mingi na unarudia kila mara maji safi yanapopunguka. Mutu mwenye nguvu asubuhi anaweza kufa mangaribi, juu maji ya damu yote yametoka. Akifika hali imekuwa mbaya, kipimo kinachofuatwa kwa mutu mukubwa ni mililita 100 kwa kila kilo yake, ndani ya saa tatu. Maana yake mutu wa kilo 50 anahitaji lita tano, na sehemu ya kwanza inaingia haraka sana, katika nusu saa. Chupa moja inayotiririka pole pole usiku kucha haitoshi. Kolera ikitibiwa vizuri na mapema, hata mugonjwa mumoja katika 100 hapashwe kufa.

Na matibabu yanaanza nyumbani. Kama muko na poda ya SRO, mumupe njiani, kidogo kidogo, bila kuacha. Kama hamuna, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyo sawa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi.

Mutu aliyeungua sana pia anapoteza maji ya mwili. Sisi wa bonde la Ruzizi hatujasahau usiku wa 2 Julai 2010, wakati kamio la mafuta lilipinduka na kulipuka Sange. Watu zaidi ya 200 walikufa, na walioungua walipelekwa Uvira na Bukavu. Mutu aliyeungua uso na kuvuta moshi, koo yake inavimba na kufunga njia ya hewa. Na ngozi iliyoondoka inaachilia maji. Kwa huyo pumzi na seromu zinaenda pamoja.

Lakini kwa mutoto mwenye homa kali ya malaria, hesabu inageuka. Katika 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti mukubwa ulioitwa FEAST. Ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, katika hospitali kama Kilifi, Mulago, Mbale na Soroti, kwa watoto zaidi ya 3,000 waliokuwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Watoto wa kuharisha hawakuingizwa. Kundi moja lilipewa seromu nyingi kwa haraka, kundi lingine halikupewa hivyo, lakini wote walipata matibabu mengine. Kila mutu alifikiri seromu itaokoa. Ndani ya saa 48, kati ya waliopewa seromu ya haraka walikufa zaidi ya 10 katika kila 100. Kati ya wale wengine walikufa saba. Utafiti ulisimamishwa mapema.

Maana yake kwetu ni nini? Ni kwamba munganga anayekataa kumutundikia mutoto wako chupa kubwa si mubaya, wala hangoji franga. Pengine anajua kwamba makamio yamekwisha, na kumwaga maji barabarani hakuleti kamio hata moja.

Damu ya jamaa

Kongo yetu ni ya pili duniani kwa malaria, nyuma ya Nigeria. Mutoto mwenye afya ana gramu 11 ao zaidi za hemoglobini katika desilita moja ya damu. Akishuka chini ya tano, yuko katika hatari kubwa. Viganja na ndani ya midomo vinakuwa vyeupe, moyo unakimbia, anapumua haraka. Huyo anahitaji kuongezwa damu.

Hapa kuko mutego ambao hata wanganga wanaweza kuusahau. Kile kifaa kidogo cha kubana kidole kinaonyesha namba ya oksijeni. Kwa mutu wa kawaida ni 95 mpaka 100. Chini ya 90 oksijeni inahitajika. Lakini kifaa kinaangalia kama makamio yaliyopo yamejaa. Hakihesabu makamio ni mangapi. Mutoto aliyebakiwa na damu kidogo anaweza kuonyesha 98 na huku anakufa kwa kukosa oksijeni. Pia kidole cha baridi ao ukucha wenye rangi unaweza kukidanganya, na kwa ngozi nyeusi mara nyingine kinaonyesha namba nzuri kuliko ukweli. Na kwa ndugu zetu wa Milima Mirefu, upande wa Minembwe, ambako hewa ni nyepesi, mutu mwenye afya anaweza kuwa na namba ya chini kidogo kuliko yule wa Uvira kando ya ziwa.

Mara nyingi damu inayotumika hospitalini inatoka kwa jamaa. Inapimwa kwanza aina yake, kisha ukimwi, homa ya ini na kaswende. Vipimo vinachukua muda. Jamaa inayofika na mama peke yake na mutoto mugongoni inapoteza saa nyingi kutafuta wa kutoa. Kwa hiyo mutoto mwenye viganja vyeupe asipelekwe na mutu mumoja. Wanaume wawili ao watatu wenye afya waende pamoja naye. Hilo ni jambo dogo ambalo halina gharama kubwa na linaweza kuokoa nusu siku.

Barabara na umeme

Tuseme sasa jamaa imeamua vizuri. Imehesabu pumzi, imetoka mapema. Bado safari.

Watu wa huku wanajua barabara ya taifa namba 5. Wanajua pia muto unavyoweza kuikata. Katika usiku wa 16 kuelekea 17 Aprili 2020, Mulongwe ilijaa na kuvunja nyumba nyingi ndani ya Uvira, watu wakapoteza maisha na njia zikakatika. Ziwa pia limepanda miaka iliyofuata. Juu ya hayo kuko vita na vizuizi vya njiani, ambavyo mwendo wa saa moja vinaugeuza kuwa nusu siku. Mutu mwenye pumzi mbaya hana nusu siku.

Kama oksijeni inapatikana katika hospitali kubwa peke yake, basi kwa mutu wa kijiji ni sawa na kusema haiko. Swali la kweli ni hili: mugonjwa anapata nini pale kituo cha karibu, kabla ya safari?

Bombone kubwa inabeba karibu lita 7,000. Mugonjwa mumoja anayetumia lita tano kwa dakika anaimaliza kabla ya saa 24 kutimia. Kisha lazima ipelekwe kujazwa mbali, kwa barabara ile ile. Mashini inayochuja hewa haiishi, lakini inataka umeme: ile ndogo ya lita tano inakula karibu wati 300 mpaka 400, bila kukatika. Umeme ukienda saa mbili za usiku na jenereta haina mafuta, mashini inakuwa meza ya kuwekea chupa.

Hapo tunaona tena mahali maneno ya kilioni yanapozaliwa. Umeme unakatika, mugonjwa anakufa na mupira ungali puani. Jamaa inaona mupira. Haioni waya uliokosa umeme.

Wengine wamefanya nini

Si lazima tungoje tuwe matajiri. Papua New Guinea ni inchi ya milima, barabara mbaya na umeme wa kusitasita, kama kwetu. Kule hospitali tano ziliwekewa mashini za oksijeni na vifaa vya kubana kidole, na wanganga wakafundishwa kuvitumia na kuvitengeneza. Matokeo yaliyotolewa katika 2008 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wa nimonia vilipunguka kwa zaidi ya tatu ya sehemu: kutoka karibu watano katika kila 100 mpaka karibu watatu.

Karibu zaidi na sisi, Uganda walijaribu kuunganisha mashini hizo na umeme wa jua na betri, kuanzia Jinja. Kisha wakapima katika vituo 20. Matokeo yaliyochapishwa 2024 yalionyesha kwamba kwa watoto wanaokosa oksijeni, vifo vya saa 48 za kwanza vilipunguka karibu nusu. Jua hilo liko hapa kwenye bonde la Ruzizi pia, na tunaliona mwaka muzima.

Viongozi hawawezi kusema hawakujulishwa. OMS iliweka oksijeni katika orodha ya dawa za lazima kwa wagonjwa wote wanaoikosa katika damu tangu 2017. Mbele yake ilikuwa imeandikwa kwa kazi ya kulaza watu wa operesheni. Na katika Mei 2023, mukutano mukuu wa afya wa dunia ulipitisha azimio la kuomba kila inchi ihesabu mahitaji yake ya oksijeni na kuyaweka katika mipango yake.

Kwa hiyo katika mukutano wa CODESA wa kila eneo la afya, wakaaji wanaweza kuuliza mambo ya kawaida kabisa. Kituo chetu kiko na kifaa cha kubana kidole? Betri zake ziko? Mashini ya oksijeni iko, na nani anasafisha chujio lake? Umeme ukikatika, mugonjwa anapata nini katika dakika kumi za kwanza? Hospitali inapigiwa simu mbele mugonjwa hajatoka, ili wamungoje tayari? Kituo kinachojibu maswali hayo kinaokoa watu wengi kuliko kituo chenye rangi mpya ukutani.

Maswali matatu ya kando ya kitanda

Mwisho, ndugu musikilizaji na musomaji, turudi kwa jamaa iliyosimama kando ya kitanda, kama sisi tulivyosimama katika 2021. Hofu yao ni ya haki. Mutu anayepigania pumzi anatisha, na mashini isiyoelezwa inatisha zaidi. Wanganga pia wako na deni hapa: dakika mbili za kueleza zinaweza kuokoa saa nne za mabishano.

Pahali pa kukataa, uliza. Namba yake ya oksijeni ni ngapi? Damu yake imepimwa, iko ngapi? Hii seromu ni ya kurudisha maji, ao ni ya kupitishia dawa? Munganga mwema hatakasirika. Na majibu hayo matatu yatakuonyesha kama tatizo ni bandari, ni makamio, ao ni barabara.

Kisha usingoje kaka mukubwa afike kutoka shamba. Mupigie simu, umwambie umekubali. Sisi tulimungoja wetu mpaka mangaribi.